Zune: Historia ya Chombo cha Muziki cha Microsoft

Mnamo tarehe 14 Novemba 2006, kampuni ya Microsoft, yenye makao yake katika mji wa Redmond, jimbo la Washington, nchini Marekani, ambayo tangu kuasisiwa kwake ilikuwa imejipatia mali na sifa kwa kuandika programu za kompyuta, ilipeleka madukani chombo cha muziki cha kutiwa mfukoni kilichoitwa Zune. Bei yake ilikuwa dola 249.99, diski yake ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 30, kioo chake kilikuwa cha inchi tatu, na rangi zake zilikuwa nyeusi, nyeupe na kahawia. Mgongoni kilichorwa maneno ya salamu kutoka Seattle. Haikutimia miaka mitano ila chombo hicho kiliondolewa sokoni, na jina lake likawa ibra inayotajwa kila panapozungumzwa makosa ya makampuni makubwa.

Jawabu ambalo watu wengi wamelizoea mintarafu ya habari hii ni kuwa mwandishi wa programu asiingilie kazi ya muunda vyombo, na kwamba Microsoft ilivuna ilichostahili kwa kujitia katika biashara ngeni kwake. Jawabu hilo ni jepesi kulisema, lakini mambo yenyewe, yakitazamwa kwa utulivu tangu mwanzo wake, hayalishuhudii. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha kwa mambo yaliyotukia, ni kwamba ushindani wa vyombo vya muziki ulikuwa tangu awali ushindani wa programu, na kwamba Microsoft ilishindwa katika amali yake yenyewe, mbele ya kampuni iliyojulikana kwa kuunda kompyuta.

Microsoft iliasisiwa mwaka 1975 na vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika lugha ya programu kwa ajili ya kompyuta iliyoundwa na watu wengine. Tabia iliyojengeka siku hizo haikuiacha tena. IBM ilipotaka mfumo wa kuendeshea kompyuta yake ndogo iliyotoka Agosti 1981, Microsoft ilinunua mfumo uliokuwa umekwisha kuandikwa na kampuni nyingine ya Seattle, ikautengeneza, ikaikabidhi IBM, lakini katika mkataba ikajihifadhia haki ya kuuuza mfumo huohuo kwa kila atakayeutaka. Sharti hilo moja ndilo lililoitajirisha, kwa maana waundaji wa kompyuta walipoongezeka, wakashindana kwa bei hata faida zao zikawa haba, kila mmoja wao, akishinda au akishindwa, aliilipa Microsoft ada ya leseni. Ilipofika miaka ya tisini ya karne iliyopita, zaidi ya kompyuta tisa katika kila kumi zilizokaa mezani mwa watu duniani ziliendeshwa na mifumo yake. Kampuni iliyoneemeka kwa njia hiyo kwa muda wa miaka ishirini haiwezi kulaumiwa ikidhani kuwa njia hiyo itafaa kwa kila kitu.

Muziki wa kutembea nao ulikuwa na historia yake mbali. Sony ya Japani ilitoa Walkman yake ya kwanza Julai 1979, na kwa miaka ishirini baadaye mtu aliyetaka kusikiliza nyimbo njiani alibeba kaseti, na hatimaye sidii. Katika muda huo, kwenye taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, wataalamu, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg, walikuwa wakitafuta njia ya kuipunguza sauti, yaani kuyaondoa katika wimbo yale ambayo sikio la binadamu haliyatambui, hata wimbo uenee katika takriban sehemu moja ya kumi ya nafasi uliyoichukua kwanza. Juhudi hizo zilizaa MP3. Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilitoa MPMan, na mwaka huohuo Diamond Multimedia ya Marekani ikatoa Rio PMP300, chombo chenye megabaiti 32 tu, ambazo zilitosha muziki wa nusu saa hivi. Jumuiya ya makampuni ya kurekodi muziki ya Marekani ilikishtaki chombo hicho mahakamani ili kisiuzwe; mahakama ya rufani, katika hukumu yake ya mwaka 1999, ilikataa kukizuia, na kwa hukumu hiyo mlango ulifunguka kwa waundaji wote. Creative ya Singapore, kabla ya Apple kuingia katika biashara hii, ilikwisha kutoa mwaka 2000 chombo chenye diski ya gigabaiti sita, na haki ya kutangulia iliyoipata kwa kazi yake ilikuja kuifanya Apple iilipe dola milioni 100 katika suluhu ya mwaka 2006.

Vyombo basi vilikuwako, na baadhi yake vilikuwa vizuri. Taabu iliyovikabili vyote haikuwa katika umbo wala katika betri. Ilikuwa katika swali dogo ambalo kila mnunuzi alijiuliza mara tu alipofika nyumbani na kufungua sanduku: nyimbo zangu zitaingiaje humu? Sharti azitoe kwenye sidii, azigeuze ziwe MP3, azipe majina, azipange kwa mwimbaji na kwa albamu, kisha azihamishe kwa waya, na programu zilizotolewa pamoja na vyombo hivyo aghalabu ziliandikwa kwa haraka na watu ambao fikira zao zote zilikuwa katika kuunda chombo. Mtu mwenye subira aliweza. Mtu wa kawaida, ambaye ndiye hasa mnunuzi wa vitu, alichoka njiani.

Apple iliuona upungufu huo kabla ya kufikiri habari za chombo chochote. Mwaka 2000 ilinunua programu ya muziki iliyoitwa SoundJam MP, ikawaajiri walioiandika, na tarehe 9 Januari 2001 ikaitoa upya kwa jina la iTunes. Naomba msomaji aiangalie vyema tarehe hiyo, kwani iPod, chombo cha muziki cha Apple, haikutangazwa mpaka tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, miezi tisa baadaye. Programu ilitangulia, na chombo kilizaliwa ili kuitumikia. Chini ya usimamizi wa Jon Rubinstein na Tony Fadell, watu wa Apple walichukua diski ndogo ya inchi 1.8 iliyoundwa na Toshiba, wakaizungushia vitu ambavyo vingi vyake vilipatikana kwa wauzaji wengine, na katika muda usiotimia mwaka mmoja wakawa wamekamilisha chombo cha gigabaiti tano kilichouzwa dola 399 na kuahidi nyimbo elfu moja mfukoni. Hapakuwa na siri katika vipande vyake. Kilichokuwa kigeni ni kwamba mtu alichomeka waya mmoja, na nyimbo zote alizokwisha kuzipanga katika kompyuta yake zikahamia zenyewe, kwa mpangilio uleule, bila yeye kuulizwa lolote.

Hata hivyo iPod ya mwanzo ilifanya kazi na kompyuta za Apple peke yake, ambazo zilikuwa chache mno, na lau mambo yangebaki hivyo historia hii isingekuwapo. Mwaka 2002 ilitoka iPod iliyokubali Windows, mfumo wa Microsoft, kwa kutumia programu ya kampuni nyingine; na tarehe 16 Oktoba 2003 Apple ikatoa iTunes iliyoandikwa kwa ajili ya Windows yenyewe, ikiwa na duka lake la nyimbo lililokuwa limefunguliwa tarehe 28 Aprili mwaka huo, ambalo liliuza wimbo mmoja kwa senti 99 na lilikwisha kuuza nyimbo milioni moja katika wiki yake ya kwanza. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Kampuni iliyookolewa kwa kiasi fulani na dola milioni 150 za Microsoft mwaka 1997 iliingia katika milki ya Microsoft, katika kompyuta zilizoendeshwa na mfumo wa Microsoft, ikawapa wenye kompyuta hizo programu ya muziki iliyowafaa kuliko ile waliyopewa na mwenye mfumo. Tangu siku hiyo kila kompyuta ya Windows iliweza kuwa nyumba ya iPod.

Wanaodai kuwa ushindi ulikuwa haki ya waunda vyombo wanapaswa kuieleza habari ya Sony. Hakuna kampuni iliyokuwa na ustadi mkubwa zaidi katika vyombo vidogo vya muziki; jina la Walkman lilijulikana mijini na mashambani, hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki; na tangu mwaka 1988 Sony ilimiliki pia kampuni kubwa ya kurekodi muziki, CBS Records, yenye hazina ya nyimbo za miongo mingi. Ilikuwa na chombo na ilikuwa na muziki. Kilichokosekana ni programu ya kuviunganisha, na tena hofu ya upande wake wa muziki iliufunga mikono upande wake wa vyombo, hata Walkman zake za kidijitali zikawa zinalazimisha nyimbo zigeuzwe ziwe za mfumo wa Sony wenyewe, ATRAC, na hazikucheza MP3 moja kwa moja mpaka mwishoni mwa mwaka 2004, wakati iPod ilikwisha kuenea. Duka lake la mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2004 lilifungwa mwaka 2008. Kuanguka kwa Sony hakutajwi sana pamoja na kuanguka kwa Zune, na mimi naona kunapaswa kutajwa kwanza.

Jibu la kwanza la Microsoft kwa iPod lilitoka katika tabia yake ya tangu mwaka 1981. Mwaka 2004 ilitangaza mpango wa PlaysForSure, jina lenye maana ya kuahidi kuwa wimbo utacheza kwa hakika. Microsoft iliandika mfumo wa kuihifadhi sauti na kufuli ya kuzuia nyimbo zisinakiliwe, ikavitoa kwa leseni. Creative, iRiver, Samsung na wengine wakaunda vyombo. Napster mpya, Yahoo na duka la Microsoft lenyewe lililoitwa MSN Music wakauza nyimbo. Mnunuzi aliambiwa achague chombo akitakacho na duka alitakalo, kwa kuwa vyote vitapatana. Katika karatasi mpango huu ulikuwa na uhuru mwingi kuliko ule wa Apple, ambayo ilimfunga mtu kwa duka moja na chombo kimoja, na mtu mwenye insafu hawezi kuukana ubora wa azma yake.

Lakini wimbo ulioandikwa na kampuni moja kufuli yake, ukauzwa na duka la kampuni ya pili, ukapitia katika kompyuta iliyoundwa na ya tatu, ukaingia katika chombo cha ya nne, ukikataa kucheza, ni nani wa kuulizwa? Muuza nyimbo alimwelekeza mlalamikaji kwa muunda chombo, muunda chombo akamwelekeza kwa Microsoft, na Microsoft ilikuwa imetoa leseni tu. Katika kompyuta za ofisini ambako pana fundi wa kuitwa jambo hili lilivumilika. Katika chombo ambacho mtu huzitia nyimbo zake asubuhi kabla ya kwenda kazini halikuvumilika hata kidogo. Vyombo vya ushirika huo vyote kwa pamoja havikuitikisa iPod, na kufikia mwaka 2006 Apple ilikuwa inauza vyombo zaidi ya milioni 39 katika mwaka wake mmoja wa hesabu.

Ndipo Microsoft, chini ya uongozi wa Steve Ballmer, ilipoamua kuiga njia ya adui yake, yaani kuandika programu, kuunda chombo na kufungua duka, vyote chini ya mkono mmoja. Kazi hiyo ilipewa idara iliyosimamiwa na Robbie Bach, ikaongozwa na J Allard, ambaye alikuwa miongoni mwa walioianzisha Xbox, chombo cha michezo cha Microsoft. Muda uliotolewa ulikuwa mfupi, na kwa kutaka kufika madukani kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka 2006, Microsoft ilichukua chombo kilichokuwapo tayari, Gigabeat S cha Toshiba, ikakibadilisha umbo na kukipa programu yake. Toshiba ndiyo iliyokiunda. Duka jipya, Zune Marketplace, lilikuwa na kufuli yake mpya, na kufuli hiyo haikupatana na PlaysForSure.

Katika historia hii yote sioni tendo lililofanya madhara makubwa zaidi kuliko hilo. Wale walioitikia mwito wa mwaka 2004, wakatumia mitaji yao kuunda vyombo na kufungua maduka juu ya ahadi ya Microsoft, waliamka wakamkuta mtoa leseni amekuwa mshindani wao, na wanunuzi waliokwisha kulipia nyimbo katika duka la Microsoft lenyewe waligundua kuwa nyimbo zao hazichezi katika chombo cha Microsoft. Mwezi Aprili 2008 wanunuzi wa MSN Music waliarifiwa kuwa kampuni itaacha kutoa funguo za nyimbo hizo. Makelele yalipozidi, muda ukaongezwa. Raia mwema aliyeepuka kunakili nyimbo kwa wizi, akazilipia kwa haki, ndiye aliyeadhibiwa. Jambo hilo lingali likinichoma, na sidhani kuwa wakati unalipunguzia uzito wake.

Chombo chenyewe hakikuwa kibaya. Kilikuwa na kioo kikubwa kuliko cha iPod ya siku hizo, kilikuwa na redio ya FM ambayo iPod haikuwa nayo, na juu ya yote kilikuwa na waifai, ili watu wawili wenye Zune wakikutana waweze kupeana nyimbo bila waya. Fikira hiyo ilikuwa njema kabisa, kwa kuwa muziki hapa duniani haukupata kuenea kwa njia nyingine iliyo bora kuliko rafiki kumwambia rafiki asikilize. Matangazo ya Zune yalijengwa juu ya fikira hiyo, yakiwakaribisha watu katika jamii ya wapenda muziki.

Tazama basi fikira njema ilivyoharibiwa na sharti. Wimbo uliopokewa kwa rafiki uliweza kuchezwa mara tatu tu, au kwa siku tatu, lolote litakalotangulia, kisha ukafungwa. Aliyeupokea hakuweza kumpa mtu wa tatu. Baadhi ya nyimbo za makampuni makubwa hazikuruhusiwa kupitishwa kabisa. Na hata wimbo ambao mtu ameutunga na kuurekodi mwenyewe ulitiwa pingu hizohizo alipompelekea jirani. Fauka ya hayo, waifai ile haikuweza kumfikisha mtu katika duka la nyimbo wala kuhamisha nyimbo kutoka kwenye kompyuta, mambo ambayo mtu yeyote angeyatazamia kwanza. Kizuizi hakikutoka katika chuma wala katika umeme, ila kiliandikwa katika programu na watu ambao kazi yao ni programu, kwa kuwaridhisha wauza muziki. Na wauza muziki hawakuridhika kwa hayo: siku chache kabla ya Zune kutoka ilitangazwa kuwa Microsoft itailipa Universal Music, kampuni iliyoongozwa na Doug Morris, kiasi cha fedha kwa kila chombo kitakachouzwa, malipo ambayo Apple haikuyatoa kwa iPod zake.

Nakisi nyingine zilikuwa za namna hiyohiyo. Nyimbo katika duka la Zune hazikulipiwa kwa dola, zililipiwa kwa pointi zilizonunuliwa kabla, na kwa kuwa pointi 80 zilikuwa dola moja, wimbo wa senti 99 uliandikwa bei ya pointi 79, hesabu iliyomchosha mnunuzi bila sababu. Programu ya Zune ya kwanza ilikuwa ni programu ya muziki ya Windows iliyobadilishwa sura, na katika siku ya kutolewa kwake haikufanya kazi katika Windows Vista, mfumo mpya ambao Microsoft yenyewe ilikuwa imekamilisha kuuandika katika mwezi uleule. Katika robo ya mwaka iliyoishia na sikukuu za mwisho wa mwaka 2006 Apple iliuza iPod zaidi ya milioni 21. Zune zilihitaji mpaka Mei 2008 kufikia milioni mbili.

Tena wakati ulikuwa umekwisha kugeuka. Tarehe 9 Januari 2007, wiki nane tu baada ya Zune kutoka, Steve Jobs, mkuu wa Apple, alisimama San Francisco akaonyesha iPhone, akaieleza kuwa ni iPod na simu na chombo cha intaneti katika kitu kimoja. Aliyeshinda katika vyombo vya muziki alikuwa ameanza kuvimaliza mwenyewe, ilhali aliyechelewa alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka.

Mwaka wa pili ulileta mabadiliko ambayo nayasifu bila kusita. Novemba 2007 zilitoka Zune mpya za gigabaiti 4, 8 na 80, zenye kitufe cha kuguswa kwa kidole. Programu ya kompyuta iliandikwa upya kutoka msingi. Nyimbo ziliweza kuhamia katika chombo kwa njia ya waifai. Na sharti la siku tatu likaondolewa, likabaki lile la mara tatu. Kwa ada ya dola 14.99 kwa mwezi, mtu aliweza kusikiliza mamilioni ya nyimbo kadiri apendavyo, na tangu Novemba 2008 aliruhusiwa kuzishika kumi kila mwezi ziwe mali yake hata akiacha kulipa ada. Mtindo huo wa ada ya mwezi ndio unaotawala biashara ya muziki hivi leo, na Apple haikuufuata mpaka mwaka 2015. Programu ile mpya nayo ilikuwa nzuri kwa macho: maandishi makubwa, picha za waimbaji zilizojaa kioo, kila kitu kikienda kwa ulaini. Watu walewale wa programu walioshindwa mwaka 2006 walionyesha kuwa kazi hiyo wanaiweza, walipopewa wasaa wa kuifanya.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2008. Zune za gigabaiti 30, zile za mwanzo, zilizima akili zote siku moja: mwenye chombo alikiwasha, kikaonyesha nembo yake, na kikaganda hapo. Watu wengi walidhani vimekufa. Chanzo chake kilipobainika kilikuwa kosa katika programu ndogo iliyoendesha saa ya ndani, iliyotoka kwa kampuni ya Freescale iliyounda kipande hicho. Programu hiyo ilihesabu siku ili kujua mwaka, ikizitoa siku za mwaka mzima kila zilipozidi 365. Lakini mwaka 2008 ulikuwa mwaka mrefu wenye siku 366, na katika siku ya 366 hesabu ilikuta siku zimezidi 365 na hazijazidi 366, ikarudi ilikotoka, ikazunguka bila kikomo. Dawa iliyotolewa na Microsoft ilikuwa kuiacha betri iishe, kisha kukiwasha chombo baada ya saa sita mchana, saa za Greenwich, tarehe 1 Januari. Na kweli vyombo vilipona vyenyewe, kwa sababu siku ilikuwa imepita. Lakini sifa haikupona pamoja navyo, kwa kuwa mnunuzi hajui Freescale ni nani. Analijua jina lililo mgongoni mwa chombo chake, na jina hilo lilikuwa la kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi ya programu.

Hesabu za Microsoft za robo ile ya mwisho ya mwaka 2008 zilionyesha kuwa mapato ya Zune yamepungua kwa dola milioni 100, yaani asilimia 54. Septemba 2009 ilitoka Zune HD, ambayo kwa kadiri nionavyo ni chombo bora kuliko vyote vya jamii hiyo: chembamba, chepesi, kioo chake cha kuguswa kikiwa na rangi za kung'aa, bei yake dola 219.99 kwa gigabaiti 16. Waliokishika walikipenda. Lakini kilikuwa chombo cha muziki katika dunia ya simu, na kiliuzwa Marekani peke yake, kama vile Zune zilizokitangulia zilivyouzwa Marekani na, tangu mwaka 2008, Kanada tu. Huku kwetu Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam hakikufika katika maduka kwa njia ya biashara rasmi, na vijana wa pwani walihama kutoka kaseti na sidii moja kwa moja hadi simu yenye memori kadi, wakimlipa kijana wa kibanda cha kompyuta awajazie nyimbo.

Nimeahidi kuthibitisha rai yangu, na ithibati iliyobaki ni Xbox. Kampuni ileile, idara ileile, na baadhi ya watu walewale, waliunda chombo cha michezo kilichotoka tarehe 15 Novemba 2001, wakaingia katika soko lililotawaliwa na Sony, wakavumilia hasara kwa miaka, na mwaka 2007 wakatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo ya vyombo vilivyoharibika, kosa la kuunda lililokuwa kubwa kupita lolote lililoipata Zune. Hata hivyo Xbox imesimama mpaka leo. Iliweza kusimama kwa sababu Microsoft ilikuwa imeinunua Bungie, waandishi wa mchezo wa Halo, kabla chombo hakijatoka, na watu walinunua chombo ili wapate kuucheza mchezo. Kwa hiyo kampuni ya programu inaweza kuunda vyombo, na inaweza hata kuviunda vibaya ikasalimika, mradi programu iliyo ndani yake iwe ni kitu ambacho watu wanakitaka na hawakipati kwingine. Zune ya mwaka 2006 haikuwa na kitu cha namna hiyo. Kimoja kilichokaribia, yaani kupeana nyimbo, kilifungwa na mikono iliyokiandika.

Robbie Bach, baada ya kuondoka Microsoft, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba Zune hakikuwa chombo kibaya, ila kilikuwa chombo cha kumkimbiza mwingine, na kwamba hapakuwa na sababu ya kutosha ya kumfanya mnunuzi akichague. Namheshimu kwa kusema hivyo. Hukumu yangu inazidi kidogo hapo: sababu ilikuwako, ikauzwa kwa makampuni ya muziki kwa bei ya nyimbo za kujazia duka.

Sura ya programu ya Zune, maandishi yake makubwa na ulaini wake, ilihamia katika Windows Phone 7 mwishoni mwa mwaka 2010. Uundaji wa vyombo ulikomeshwa Oktoba 2011. Huduma zote za Zune zilifungwa tarehe 15 Novemba 2015. Vyombo vilivyobaki mikononi mwa watu viliendelea kucheza nyimbo zisizo na kufuli, na wenye nyimbo zilizonunuliwa zikiwa na kufuli waliarifiwa kuwa huenda zisicheze tena, kwa kuwa leseni zake hazitaweza kuhuishwa.